Nilificha Masizi ya Tanuri la Ndugu Yangu

Kosa ni langu. Naanza hapo ili usifike katikati ya barua hii ukadhani nimekuja kujitetea. Ndugu yangu alinisaliti, na hilo nitalisema bila kulipunguza. Lakini kabla hajanigeuka, mimi nilikuwa nimekwisha kuwageuka watu walioniamini kuliko yeye.

Jina langu usiniulize. Mji pia sitautaja. Ni mmoja wa ile miji midogo iliyo kati ya Kisii na Nyamira, wenye barabara moja, soko, kanisa la Wasabato juu mlimani na safu ya nyumba za kupanga chini bondeni. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mengine yote nayasema kama yalivyotokea.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa msaidizi wa bwana afya katika baraza la mji wetu. Nilimbebea mkoba, niliandika majina ya wenye bucha na hoteli za chai tulizokagua, na zaidi ya yote nilimtafsiria. Bwana Mwakio, tumuite hivyo, alikuwa Mtaita. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mtu yeyote pale barazani, lakini akina mama wetu wengi walijua Ekegusii na kile Kiswahili kidogo cha sokoni. Bila mimi alikuwa kama kiziwi.

Alinichukua kama mdogo wake. Saa za kazi zikiisha alinibakiza kidogo ofisini akanifundisha kuandika ripoti, nini kianze, nini kifuate, neno gani nisitumie kama sijaona kwa macho yangu. Alikuwa ameniandikia barua ya kuniombea nafasi katika chuo cha afya.

"Wewe utakuwa bwana afya mzuri," aliniambia. "Watu wanakuambia ukweli. Mimi wananiambia kile wanachofikiri nataka kusikia."

Sasa nikueleze habari ya ndugu yangu mkubwa, Ombati.

Baba yetu alifariki nikiwa darasa la pili. Ombati ndiye aliyenilea. Aliacha shule akaenda kuchuma majani ya chai huko Gesima ili mimi nivae kaptura na kushika kalamu. Alinitahirisha, aliniozesha, na alipochaguliwa diwani ni yeye aliyenishika mkono akanipeleka barazani nikapata kazi. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini nilifanya nililofanya, jibu liko hapo. Nilikuwa nimekula kwake miaka mingi sana.

Ombati alikuwa na tanuri la kuchoma matofali. Lilikuwa kwenye mteremko, juu kidogo ya zile nyumba za kupanga, mahali penye udongo mwekundu mzuri. Siku hizo kila mtu alitaka nyumba ya matofali. Shule zilijengwa, makanisa, maduka. Malori yalikuja kwake asubuhi na jioni.

Shida ilikuwa kuni. Alichoma mikaratusi mibichi, na kuni zilipokataa kushika moto alitupia matairi makuukuu ya malori. Moshi wake haukupanda juu. Ulikuwa mzito, mweusi, ulishuka mteremko kama maji ukatulia bondeni. Asubuhi zile za ukungu ulikuwa haupati pa kwenda, ukakaa ndani ya nyumba za watu.

Mtu wa kwanza kuja kulalamika ofisini alikuwa Kerubo. Alikuwa mama mmoja mjane, muuza ndizi, aliyepanga chumba katika safu ile ya chini. Alikuja na bintiye Moraa, wa miaka mitano hivi. Mkononi alishika gauni jeupe la mtoto, gauni la kwenda nalo kanisani Sabato. Alilitandaza juu ya meza ya Bwana Mwakio. Lilikuwa na madoa meusi kila mahali, kama limemwagiwa pilipili manga.

"Nimefua Ijumaa, nimeanika," alisema kwa Kiswahili chake. "Hii moshi imeharibu. Sasa kama inafanya nguo hivi, ndani ya kifua inafanya nini?"

Moraa alikuwa anakohoa. Alivuta pumzi kwa sauti, kama mtu anayefuta ubao. Akamshika Kerubo nguo akamwita, "Baba."

Bwana Mwakio akaangalia mlangoni kuona baba ni nani. Nikamweleza kwamba kwa Ekegusii baba ndiye mama. Alicheka, Kerubo akacheka, mtoto naye akacheka mpaka akakohoa tena. Nakumbuka tulicheka sote wanne.

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye tanuri. Ombati alitupokea vizuri. Bwana Mwakio alimwambia mambo matatu: aache matairi kabisa, akaushe kuni kabla ya kuzichoma, na ajenge bomba refu la kupandisha moshi juu ya nyumba za watu. Ombati alikubali yote. Alisema, "Bwana Afya, wewe ni mtu wa maana. Nitafanya."

Wiki tatu zilipita. Hakufanya hata moja.

Bwana Mwakio alipeleka habari kwenye kamati ya afya ya baraza. Madiwani wakamwambia kuwa moshi ni moshi tu, hata jikoni kwao upo, na kama anataka wafunge kazi ya mwenzao alete ushahidi wa kuonekana kwa macho. Hatukuwa na mashine za kupima hewa. Sidhani hata huko Kisii zilikuwepo.

Alikaa akafikiri siku mbili. Halafu akanituma duka la Mzee Jivan ninunue kipande cha marekani nyeupe, kile kitambaa cha pamba.

Tulikikata kikawa vitambaa kumi vinavyolingana. Kila kimoja tulikiandika namba ya wino pembeni. Sita tulivitundika katika nyumba za chini karibu na tanuri, vinne tukavipeleka juu karibu na kanisa, mahali ambapo moshi haufiki. Vyote vilikaa chini ya upenu, ili mvua ya mchana isivifue. Alitaka vikae wiki mbili, kisha viwekwe mezani mbele ya madiwani, vya juu upande huu, vya chini upande ule.

"Sitasema neno," aliniambia. "Vitambaa vitasema."

Nilitembea nyumba hadi nyumba nikiwaeleza wenyewe wasiviguse. Kerubo alichukua namba tatu. Alikitundika mwenyewe, akakinyoosha kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa Ekegusii, "Wewe ndiye utakuja kukitoa?"

"Ni mimi."

"Basi ni sawa," akasema.

Siku nne kabla ya kuvitoa, Ombati aliniita nyumbani kwake. Ilikuwa Jumapili mchana. Mkewe Nyanchama alituletea chai na ndizi za kuchemsha, akakaa kando akichambua mboga. Ombati hakuzunguka.

"Hivyo vitambaa. Ni wewe utakayevikusanya?"

"Ndiyo. Bwana Mwakio atakuwa Kisii siku hiyo, ameitwa mkutanoni."

"Momura," akaniita, kama alivyokuwa akiniita tangu utotoni. Kwetu ni neno la kumwita kijana wa kiume. "Nimeahidi shule ya Sironga matofali ya madarasa matatu. Wakinifungia sasa, watoto watasomea chini ya miti na mimi jina langu limekwisha. Nipe mpaka nimalize hiyo kazi. Nikitoa lori la mwisho, nitalizima tanuri mwenyewe. Hutanisukuma."

Nilikoroga chai yangu.

"Nilikuomba kitu lini?" akauliza.

Ni kweli. Katika maisha yangu yote hakuwahi kuniomba kitu. Alikuwa wa kunipa.

"Ukinunua kitambaa kama kile kile, nani atajua? Kisha vile vya zamani niletee mimi nivitupe motoni. Usivitupe ovyo, mtu asije akaviokota."

Nilisema ndiyo. Sikusema kwa sauti, niliitikia kwa kichwa. Nyanchama aliinua macho kwenye mboga zake akaniangalia, akayashusha.

Nilirudi duka la Mzee Jivan nikachukua kipande kingine. Nilikikatia nyumbani kwangu, juu ya meza. Mke wangu Nyaboke aliniuliza ni vya nini, nikamwambia ni kazi ya ofisi. Nilihitaji sita tu. Niliviandika namba kwa wino ule ule wa ofisini, nikavikung'utia vumbi la barabarani kidogo visionekane vipya.

Siku ya kukusanya nilianzia juu. Vile vinne vya kanisani vilikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Vumbi tu.

Kisha nikashuka chini. Vitambaa vile sita vilikuwa vyeusi. Sisemi vichafu, nasema vyeusi. Ukivigusa vinakuachia mafuta vidoleni. Kila mwenye nyumba alinikabidhi chake kwa furaha, kana kwamba ananipa mavuno.

Kerubo alikuwa na namba tatu. Alikitungua, akakikunja masizi yakiwa ndani yasipukutike, akanipa.

"Wapelekee," alisema. "Wakiona hiki hawatakuwa na la kusema."

Moraa alikuwa amelala ndani. Nilisikia pumzi yake kutoka mlangoni.

Mchana ule ule niliweka vile vipya kwenye bahasha za ofisi. Vyeusi nilivifunga kwenye gazeti nikampelekea Ombati pale tanurini. Alivipokea bila kuvifungua. Alinishika bega. Niliondoka nikijiambia ni lori chache tu, ni miezi michache tu, kisha litazimwa.

Kamati ilikaa siku ya pili baada ya Bwana Mwakio kurudi. Alivaa suti. Hakuzifungua bahasha kabla. Alitaka madiwani waone kwamba hakugusa kitu. Alitoa vitambaa kimoja kimoja akavipanga mezani, vya juu kushoto, vya chini kulia. Alipofika cha tatu mkono wake ulianza kwenda polepole. Alipomaliza cha kumi alisimama tu.

Pande mbili zilikuwa sawa.

Aliinua namba tatu akaigeuza. Akaniuliza, "Hiki kilikuwa kwa nani?"

"Kwa Mama Moraa."

"Ulikitoa mwenyewe?"

"Ndiyo, bwana."

Aliniangalia, kisha akakirudisha mezani. Hakunishuku. Hicho ndicho kilichoniuma. Nilimwona akijishuku mwenyewe.

Ombati akaomba ruhusa ya mwenyekiti. Alisema bwana afya ni mgeni na pengine pua yake imezoea hewa ya kwao. Alisema hapa watu wamepikia kuni tangu babu zao. Madiwani wakacheka. Alisema pia, na hili hatukuwa tumekubaliana, kwamba mtu anayepoteza wakati wa baraza kutundika vitambaa kwenye mapaa ya watu anafaa kutafutiwa kazi nyingine. Mwenyekiti akaandika.

Habari iliwafikia watu wa chini jioni ile. Asubuhi Kerubo alikuwa ofisini. Safari hii hakutafuta Kiswahili. Alisema kwa Ekegusii, haraka, akininyooshea kidole.

"Kitambaa changu kilikuwa cheusi. Nilikikunja kwa mikono yangu nikakupa. Mwambie. Mwambie nilikupa cheusi."

Bwana Mwakio akaniuliza, "Anasemaje?"

Nikamwambia, "Anasema amesikitika sana kwa vile kamati ilivyoamua."

Naomba ulisome tena hilo neno. Mama amesimama mbele ya mtu wa serikali anasema ukweli, na ukweli ule una mlango mmoja tu wa kupitia, na mlango huo ni mimi. Nikaufunga.

Kerubo hakuelewa yale maneno yangu yote, lakini alielewa kuwa yalikuwa machache mno. Aliniangalia kwa muda, akatoka.

Baada ya hapo Ombati hakuogopa mtu. Matairi yaliletwa kwa lori. Akajenga tanuri la pili kando ya lile la kwanza. Nilimfuata nikamkumbusha ahadi yake, kwamba kazi ya Sironga ingekuwa ya mwisho.

"Nilisema hivyo kwa sababu walitaka kunifungia," akanijibu. "Sasa nani anataka kunifunga? Kamati imeona hakuna moshi."

Alisema huku akitabasamu. Ndipo kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba hatalizima. Lakini nilikwenda nyumbani, nikala, nikalala.

Mwezi wa saba ukaja na baridi yake. Ukungu ulikaa bondeni mpaka karibu adhuhuri, na moshi ndani yake. Moraa alilazwa hospitali Kisii. Alirudi, akalazwa tena. Mara ya pili hakurudi.

Daktari alisema ni nimonia. Hakusema moshi, na mimi siwezi kukuambia kwa hakika kwamba ni moshi. Watoto wengine wa bonde lile walivuta hewa ile ile wakapona. Hilo neno la daktari nililishika kwa mikono miwili nikitaka linisaidie. Halijanisaidia mpaka leo.

Moraa alizikwa nyumbani kwa kina marehemu baba yake, upande wa Gesima, kando ya mashamba ya chai. Bwana Mwakio alikwenda, nami nikaenda naye. Baada ya mazishi alimwendea Kerubo akamshika mkono, akaniambia, "Mwambie hivi. Mwambie naomba anisamehe, nilishindwa kuuzuia ule moshi."

Nikatafsiri. Neno kwa neno, safari hii. Kerubo alimsikiliza yeye lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Sikusema pale. Ningeweza kusema pale. Nilipata hiyo nafasi mbele ya kaburi, nikaiacha ipite.

Mambo yalifichuka kwa njia ndogo kabisa. Bwana Mwakio aliingia duka la Mzee Jivan kununua blanketi. Yule mzee, kwa wema wake, akamuuliza kama ile marekani ya ofisi ilitosha, maana msaidizi wake alirudi kuchukua kipande kingine.

Alikuja ofisini akafunga mlango. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wageni, siyo chake.

"Kipande cha pili kilikuwa cha nini?"

Nikamwambia yote. Nilipofika mahali pa Kerubo na ile tafsiri yangu, alifunga macho.

"Ungeniambia tu kwamba ni ndugu yako na hutaweza," alisema. "Ningewaomba watu wa kanisa wanikusanyie. Nisingekukasirikia."

Aliandika barua kwa mwenyekiti mbele yangu. Akanipa niisome kabla hajaipeleka, kama alivyonifundisha, nione kama kuna neno ambalo si kweli. Hapakuwa na hata moja.

Kamati ikaitwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikuogopa sana, kwa sababu niliamini Ombati atasimama nami. Nilijua tutaadhibiwa wote wawili, lakini tungeadhibiwa tukiwa bega kwa bega. Ndivyo nilivyoamini. Mtu aliyeacha shule ili mimi nisome.

Mwenyekiti alisoma barua. Akamgeukia Ombati, akamuuliza anasemaje.

Ombati alisimama. Chini ya kiti chake alikuwa na kifurushi cha gazeti. Alikiweka mezani akakifungua. Vilikuwa vile vitambaa sita. Hakuvichoma. Alikuwa amevihifadhi miezi yote ile.

"Waheshimiwa," alisema, "huyu ni mdogo wangu na najua mnaona aibu yangu. Aliniletea hivi akidhani ananifurahisha. Mimi sikujua ni vya nini mpaka baadaye. Nilipojua, nilishtuka. Nikaviweka, nikisubiri apate moyo wa kukiri mwenyewe. Nimesubiri sana."

Nilisimama nikasema, "Wewe ndiye uliyeniomba."

Mwenyekiti akauliza, "Nani alisikia akikuomba?"

Nyanchama alisikia. Lakini Nyanchama hakuwepo pale, na hata angekuwepo, sijui ni mke gani angesimama barazani kumkana mumewe. Nikasema hakuna.

Ombati hakuniangalia hata mara moja. Aliendelea kuzungumza. Alisema kwa kuwa sasa ameona masizi kwa macho yake, yeye mwenyewe anapendekeza baraza litunge sheria ndogo. Matanuri yote yahamishwe ng'ambo ya mto, mbali na makazi. Matairi yasichomwe kabisa. Kuni zikaushwe. Bwana afya apewe uwezo wa kukagua na kufunga.

Madiwani wakampigia makofi. Hakuna aliyesema kwamba udongo mzuri wa mteremko ule ulikuwa umekaribia kwisha, wala kwamba ng'ambo ya mto alikuwa tayari amepata shamba. Mimi nilijua. Lakini hakuna ambaye angeniamini tena.

Nilifutwa kazi siku ile ile. Barua ya chuo ikafutwa nayo.

Sheria ikapita. Matanuri yakahamishwa kabla ya msimu wa mvua kuanza, na bonde likawa safi. Lazima niseme ukweli huo pia. Ungeweza kuona mlima asubuhi kutoka katika safu ile ya nyumba. Akina mama walianika nguo zao Ijumaa wakazianua nyeupe. Yale yote Bwana Mwakio aliyoyataka yalifanyika, ila jina lililotajwa lilikuwa la ndugu yangu. Kila mkutano wa hadhara, msemaji hakosi kumshukuru Ombati, diwani aliyeitoa sadaka kazi yake kwa ajili ya afya ya watu. Nimewahi kuhudhuria mkutano mmoja kama huo. Watu walipiga makofi. Nami nikapiga, kwa sababu aliyekaa kando yangu alikuwa ananitazama.

Bwana Mwakio alihamishwa mwaka uliofuata. Nilikwenda kumuaga, nikamsaidia kupakia vitu. Tulizungumza habari za mvua. Alipopanda gari alinipa mkono, akasema, "Haya, bwana." Aliyekuwa akiniita mdogo wangu aliniita bwana.

Nyaboke hakuniacha. Alikumbuka vile vitambaa nilivyokata juu ya meza yetu ya chakula, akaniuliza swali moja tu: kama Kerubo ana habari zote. Nikamwambia nadhani anazo. Akasema kudhani hakutoshi, nimwendee.

Ilinichukua zaidi ya mwaka. Kerubo alikuwa amehama bonde lile, akawa anauza ndizi katika soko la Daraja Mbili. Nilimkuta ameketi nyuma ya mikungu yake siku ya soko. Nilichuchumaa mbele yake nikamweleza kila kitu kwa lugha yetu, kuanzia chai ile ya Jumapili mpaka siku ya makofi. Nilikawia sana kwenye habari ya Ombati. Nilimweleza jinsi alivyonidanganya, jinsi alivyovificha vile vitambaa, jinsi alivyonikana mchana mbele ya watu. Nadhani nilitaka anionee huruma. Nadhani nilitaka tuwe wawili tulioumizwa na mtu mmoja.

Aliniacha nimalize. Mteja alikuja, akamhudumia, akarudi kuketi.

"Ndugu yako hakunidanganya mimi," alisema. "Yeye sikumpa kitambaa. Nilikupa wewe."

Niliinuka. Nikaondoka.

Miaka imepita tangu siku hiyo, na sijapata jibu bado.

Ninyi mnaosoma hii, wengi wenu mna kazi ndogo kama ile yangu. Unashika ufunguo, unapeleka bahasha, unatafsiri, unaandika namba. Utafikiri wewe si mtu wa kuharibu jambo. Iko siku mtu unayempenda, mtu aliyekulisha, atakuja kukuomba kitu kidogo kupitia kazi hiyo. Mpe kitu chako. Mpe shamba, mpe ng'ombe, mpe jasho lako. Usimpe kile ulichokabidhiwa na mwingine, kwa sababu siku ya kuulizwa atakaa upande wa wanaouliza, na yule aliyekuamini atakuwa amekwisha zika mtoto.